Wa Kwetu Mtundu, wa Jirani Mhuni

Mwaka jana spika kubwa ya kanisa letu hapa Nyasura ilikosekana siku ya Jumamosi, kwaya ilipokuja kufanya mazoezi. Kabla saa haijapita, jina lilikwisha kutajwa. Halikuwa jina la ubatizo. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amebandika kwenye madigadi ya pikipiki yake maneno ya Kiingereza, "Thug Life", na kijiwe kizima kikamwita Thagi, mpaka mama yake mwenyewe akawa anaitwa Mama Thagi sokoni. Vijana wanne wa kanisa walimfuata. Hawakumwuliza kitu. Walimleta mbele ya ofisi ya mchungaji shati limechanika na jino moja la mbele halipo. Jumatatu spika ilirudi. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyewaazima watu wa msiba kule Balili, akasahau kumwarifu katibu.

Sisi tunaoandika haya ni wazee wa kanisa na walimu wa shule ya Jumapili, na siku ile tulikuwepo. Hatukunyoosha mkono. Tulikaa kwenye mabenchi ya nje tukasema, "Huyu naye amezidi." Katika muhtasari wa kikao kilichofuata imeandikwa kwamba yule mhuni aliachiwa. Aliachiwa! Kana kwamba kosa lilikuwepo nasi tumelisamehe kwa wema wetu. Tumeusoma tena muhtasari ule juzi, na aibu tuliyoipata ndiyo inayotufanya tuseme kwa ukali. Mtuvumilie, wapendwa, maana ukali huu unaanzia kwetu wenyewe.

Katika usharika wetu kuna kamusi mbili za mtoto asiyesikia. Moja ni ya watoto wetu. Mtoto wa mzee wa kanisa, au wa mhasibu, au wa mwalimu mkuu, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa ada tunayoijua, akitoroka shule wiki nzima, mama yake anasema, "Yaani huyu mtoto yuko stubborn!" Anasema huku anacheka kidogo. Akimjibu babu yake vibaya, ni "rude". Akivunja kioo cha gari la jirani ni "naughty", na jirani anaombwa aelewe kwamba umri huo ndivyo ulivyo. Maneno haya ya Kiingereza tunayatumia kama mto laini. Yanalaza kosa, halafu yanamfunika mtoto shuka. Hata tunapoyatafsiri tunachagua vizuri: mtundu, mchangamfu, ana kichwa kigumu kama marehemu babu yake. Tumewahi kumsikia baba mmoja akijisifu kwamba mwanawe ni mkorofi, atakuja kuwa mwanasheria.

Kamusi ya pili ni ya watoto wa wengine. Mtoto wa mama muuza dagaa akitoroka shule wiki ile ile, na pengine wametoroka pamoja, yeye ni mhuni. Akijibu, ni jeuri, hana malezi. Akivunja kioo ni kibaka, na akiwa na wenzake watatu wanakuwa genge. Huyu hatumpi mto. Kwake Kiingereza kinatumika pia, lakini kile kingine, cha sinema na cha kanda za muziki wa Marekani: gangster, thug. Hayo tunayatamka kwa meno.

Kosa ni lile lile, siku ni ile ile, kioo ni kile kile. Kilichotofautiana ni mlango ambao mtoto anauingia jioni.

Wako watakaosema kwamba Thagi alijiita mwenyewe. Ni kweli, alibandika mwenyewe. Tulipomwuliza baadaye, mmoja wetu na yeye wakiwa peke yao, alijibu mambo mawili. La kwanza, kwamba abiria walevi wa usiku wakiliona neno lile hulipa bila ubishi. La pili alilisema akiangalia pembeni: "Mlishaniita kabla sijaandika."

Tukaenda kuuliza maana ya neno lenyewe, kwa kuwa tulimpiga nalo bila kulijua. Waingereza walilikuta India. Kwa Kihindi "thag" ni laghai, tapeli, na watawala wakalitumia kwa magenge waliyosema yanawanyonga wasafiri barabarani. Wauaji walikuwepo, hatubishi. Lakini mwaka 1836 serikali ya Kampuni ya Waingereza kule India ilitunga sheria iliyosema kwamba mtu akithibitika kuwa wa genge la hao thag, hata kama hakuna mauaji mahususi aliyothibitishiwa, anaweza kufungwa maisha. Jina likawa kosa. Na mwaka 1871 wakaenda mbele zaidi, wakaruhusu makabila mazima kuandikishwa kama makabila ya wahalifu, mtoto akizaliwa humo amezaliwa mshukiwa. Hilo ndilo neno lililokuwa linazunguka mitaa ya Bunda kwenye kipande cha mpira nyuma ya pikipiki, na sisi tukalifanyia kazi ile ile iliyokusudiwa na sheria ile.

Ukiyachunguza maneno yao mengine ya namna hii, mengi yana historia ya kufanana. "Villain", mtu mwovu wa kwenye sinema, zamani alikuwa kibarua wa shambani aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Kwa maana hiyo nusu ya usharika wetu tunaolima pamba na mihogo tungeitwa hivyo bila kuiba hata muhindi. "Knave", laghai, alikuwa mvulana tu, kisha mvulana wa kutumwa. "Hooligan" lilisambazwa na magazeti ya London mwaka 1898, na wengi husema limetoka kwenye jina la ukoo la Waayalandi, watu maskini waliokuja mjini kutafuta kazi wakadharauliwa. Mkulima, mtoto wa kutumwa, mgeni maskini. Waliolitia neno ubaya walikuwa watu walioshiba.

Na wanalo neno la kumsifu mkaidi pia, ila halitolewi kwa kila mtu. Huko Texas katika karne ya 19 aliishi mwanasheria tajiri, Samuel Maverick, ambaye hakuwapiga chapa ng'ombe wake. Wafugaji wa Mara wataelewa haraka shida yake: ng'ombe asiye na chapa akionekana porini, kila mtu anamdai. Ng'ombe wa namna hiyo wakaitwa kwa jina lake, na baadaye mtu asiyefuata kundi naye akaitwa "maverick". Mwanasiasa tajiri akiitwa hivyo leo anashukuru, tena anaweza kulitumia kuombea kura. Lakini kijana wa kijiweni asiyefuata kundi hatumsikii akipewa neno hilo.

Wapendwa, tusijidanganye kwamba haya ni ya wazungu na yamekaa huko kwao. Yalifika hapa yakiwa sheria. Mwaka 1824 Uingereza, baada ya vita vya Napoleon, askari wengi wakiwa wamerudi hawana kazi, Bunge lao lilitunga sheria ya wazururaji. Humo watu waligawanywa kwa majina: wavivu na wasio na utaratibu, kisha matapeli na wazururaji, kisha wale walioshindikana kabisa. Kulala nje kwa kukosa nyumba kuliweza kumweka mtu katika mojawapo ya mafungu hayo. Maneno yale yale Waingereza waliyaingiza katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, vifungu vya 176 na 177, na baada ya Uhuru yakabaki. Katika miaka ya 1940 walikuwa na sheria pia ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na vijana wasio na kazi wa Dar es Salaam walirudishwa vijijini kwao. Neno la Kiswahili lililowafaa lilikuwa wahuni. Mhuni wa asili alikuwa mtu wa kutangatanga, asiye na makao. Tumelitia uovu juu ya umaskini, kama wenzetu walivyomtia mkulima.

Butiama ni jirani zetu. Kijana aliyezaliwa huko mwaka 1922, akasoma Mwisenge na Tabora, akabatizwa, akawa mwalimu, naye watawala walimwona mchochezi. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa kwa ajili ya yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa wilaya. Alitiwa hatiani, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende gerezani miezi sita. Faini ililipwa. Miaka 3 baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na tangu mwaka 2005 ndugu zetu Wakatoliki wa Jimbo la Musoma wanafuatilia jambo la kumtangaza mwenye heri. Mchochezi na Mtumishi wa Mungu ni mtu mmoja. Ilitegemea nani ameshika kalamu.

Lakini kwa kuwa tumeamua kusema kweli, tuiseme yote. Mwaka 1983 Mwalimu huyo huyo, akiwa Rais, serikali yake ilianzisha kampeni ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam wakiitwa wazururaji, wakapelekwa kulima. Tunampenda Mwalimu kama mzazi na hatumwekei jiwe. Tunalitaja kwa sababu linatisha: hata mtu aliyewahi kubandikwa jina na wenye nguvu anaweza, akishika nguvu, kulibandika kwa mwingine. Ilibidi tusubiri hadi Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, itoe maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba majina yenyewe, mzururaji, tapeli, mvivu, ni mabaki ya ukoloni yanayomshusha mtu utu. Majaji waliyasema kabla ya maaskofu. Hilo nalo tulikumbuke tunapoimba.

Mkoa wetu unalo neno baya kuliko haya yote, tena si la Kiingereza. Tarime na Serengeti, miezi ya Novemba na Desemba, binti anayekataa kukeketwa anaitwa kwa jina la dharau la msichana asiyekatwa, na pamoja na hilo anaongezewa: mkaidi, mwasi wa mila, aliyewaaibisha wazazi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iko upande wake. Nyumba salama za Masanga, Mugumu na Butiama zimewapokea mamia ya mabinti wa namna hiyo. Lakini wapo watu wa ibada, wanaotoa zaka, ambao mabinti hao wakirudi Januari hawawaiti wajasiri. Wanawaita wale waliotoroka. Tuulize basi: kama neno "mwasi" linaweza kumwangukia mtoto wa miaka 12 aliyekataa kukatwa kwa wembe, lina thamani gani likitumika kama ushahidi juu ya mtu yeyote?

Tufungue Maandiko. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inawaruhusu wazazi kumleta mwana wao langoni kwa wazee na kusema kwamba ni mkaidi, mwasi, mlafi na mlevi. Baada ya hapo ni mawe. Angalieni jinsi mashtaka yale yalivyo: hakuna siku, hakuna mahali, hakuna kilichoibwa. Ni majina tu. Sasa nendeni Mathayo 11, mstari wa 19. Watu walisema nini juu ya Bwana wetu? Mlafi na mlevi. Sisi tunapousoma mstari huo tunadhani ni masengenyo ya watu wa mezani. Wale waliousikia walikuwa wanaijua Torati. Walijua mwana anayeitwa hivyo mbele ya wazee anapelekwa wapi. Bwana wetu alibandikwa jina la mtoto aliyeshindikana, kabla hajabandikwa lile la juu ya msalaba, kisha akaangikwa katikati ya wanyang'anyi wawili ili anayepita njiani asihitaji kuuliza zaidi. Paulo naye mbele ya Feliki aliitwa mkorofi. Kanisa limezaliwa na watu wenye majina mabaya, halafu likakua, likajenga ofisi, likaanza kugawa majina hayo kwa wengine.

Na mnaikumbuka Luka 15. Yule kaka mkubwa aliyekuwa shambani hakuwahi kuiona nchi ya mbali. Lakini akirudi nyumbani na kusikia ngoma, tayari anajua fedha ziliishia kwa makahaba. Nani alimwambia? Tena hasemi "ndugu yangu". Anamwambia baba yake, huyu mwana wako. Baba anamjibu kwa upole, lakini anamsahihisha neno hilo hilo: huyu ni ndugu yako. Katika mfano mzima hakuna mahali ambapo baba anamwita yule mtoto kwa jina la kosa lake. Sisi kaka wakubwa wa Nyasura tumehubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara tumewahubiria wale wa nchi ya mbali.

Tunajua mtakachotujibu. Wezi wapo. Ng'ombe wanaibwa, nyavu na injini za mitumbwi zinaibwa ziwani, na mmoja kati yetu tunaoandika alipoteza mbuzi watatu mwezi wa Mei, hakuna aliyemrudishia hata kamba. Je, tusiseme? Semeni. Semeni sana. Aliyeiba mbuzi aitwe aliyeiba mbuzi, atajwe siku, atajwe zizi, waletwe walioona, apelekwe polisi na mahakamani, na akikutwa na hatia afungwe. Hatuombi ulaini. Wizi una mwanzo na mwisho, unaweza kuthibitishwa, unaweza kukanushwa, na hata kulipwa. Uhuni haulipiki. Mtu aliyeitwa mhuni atajitetea kwa kusema nini? Alete mashahidi wa kwamba hakuwa mhuni Jumanne? Ndiyo maana wavivu wa kutafuta ukweli wanalipenda neno hilo: linawapunguzia kazi. Na mkileta ile methali ya lisemwalo lipo, tutawakumbusha spika. Ilisemwa. Haikuwepo. Ilikuwa Balili inatangaza ratiba ya mazishi.

Tena neno hili halimlindi hata mwenye mali. Wakati wote tuliokuwa tukimkodolea macho kijana wa bodaboda, mtoto wa familia moja inayoheshimiwa katika usharika huu alikuwa anachota vocha na fedha dukani kwa mjomba wake, na kwa miezi mingi hakuna aliyemdhania, maana yeye alikuwa stubborn tu. Alipogunduliwa, mambo yalizungumzwa nyumbani, chai ikanywewa. Hatusikitiki kwamba hakupigwa. Tunauliza kwa nini chai ile haikutosha vikombe viwili.

Kwa hiyo tunataka mambo yabadilike kuanzia kwenye vitabu vyetu. Katika kikao chochote cha wazee, anayeleta malalamiko juu ya mtu aseme tendo, siku na mahali. Akishindwa, malalamiko yasiandikwe. Neno mhuni na ndugu zake wote, wa Kiswahili na wa Kiingereza, wasionekane katika muhtasari. Katika maombi ya Jumatano tuache ile desturi ya kuwaombea wahuni wa mtaa fulani, maana Mungu hamjui mtu kwa jina hilo na wenyewe wanatusikia kupitia dirishani. Walimu wa shule ya Jumapili tumeshaanza: mtoto anaitwa kwa jina lake la ubatizo, akikosea anaambiwa alichokosea. Si rahisi. Wiki ya kwanza mwalimu mmoja aliteleza mara tano kabla ya sala ya kufunga, na watoto walimhesabia.

Na muhtasari ule wa mwaka jana usichanwe. Usahihishwe katika kitabu kile kile, chini yake, kwa jina kamili la kijana, iandikwe kwamba hakuiba, kwamba alipigwa na watu wa kanisa, na kwamba wazee walikuwepo. Waliokuwepo tusaini. Tumekwenda kwake na kwa mama yake, jioni, baada ya mama kufunga meza yake ya dagaa. Alitukaribisha, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yale tuliyoyasema pale uani tutayasema pia Jumapili mbele ya watu, kwa kuwa mwanawe alipigwa mbele ya watu. Tukamwambia ndiyo. Kijana mwenyewe hakusema mengi, na kanisani bado hajarudi.

Jino la kubandika linagharimu fedha, na tumekubaliana lilipwe na wale vijana wanne pamoja na sisi wazee tuliokaa kwenye mabenchi. Mchango wetu umeshafika kwa mhazini. Wa wale wanne bado.